Usinunue zulia kabla hujaiangalia sakafu yako

WATU wengi wanaokwenda dukani kununua zulia la mkonge huangalia mambo mawili tu: rangi na bei. Miezi michache baadaye baadhi yao hulalamika kuwa zulia limeota ukungu, limeshika madoa yasiyotoka au linawachoma watoto miguu. Lawama humwangukia muuzaji, na safari inayofuata mteja hununua zulia la plastiki. Mara nyingi zulia hilo halikuwa bovu, bali liliwekwa mahali pasipolifaa.

Hasara hiyo si ya mnunuzi peke yake. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na miche 62 iliyonusurika safarini ndiyo iliyokuwa chanzo cha mashamba makubwa ya Tanga na kwingineko. Mwaka 1964 uzalishaji ulifikia takriban tani 230,000. Baadaye kamba na magunia ya plastiki yaliteka soko, na zao hilo likaporomoka. Kila mteja anayeuziwa vibaya na kukimbilia plastiki anampunguzia soko mkulima, msukaji na mwenye duka.

Kila uzi na tabia yake

Singa za mkonge ni ngumu na haziliki haraka kwa kukanyagwa. Zinashika rangi vizuri pia. Kwa hiyo zulia la mkonge linafaa sebuleni, ukumbini na ofisini, mahali penye watu wengi na pakavu. Adui yake ni maji. Mkonge hunyonya unyevu, hutanuka na kusinyaa, na hata maji matupu yakimwagika huweza kuacha alama. Usiliweke bafuni, jikoni wala kwenye baraza inayopigwa na mvua. Kama una mtoto anayetambaa, fahamu pia kuwa zulia hilo hukwaruza magoti.

Makumbi ya nazi hustahimili unyevu kuliko mkonge. Akina mama wa pwani ya Unguja huyafukia kwenye mchanga wa ufukweni kwa miezi kadhaa, kisha huyafukua, kuyaponda na kusokota kamba. Uzi wake unaparuza, na hiyo ndiyo sifa yake: hakuna kinachokwangua matope ya viatu vizuri zaidi. Mahali pake ni mlangoni.

Mikeka ya ukindu na miyaa ni laini na myepesi. Inafaa chumba cha kulala na mahali watu wanapokaa chini, lakini miguu ya meza na makochi huikata. Kwa nyumba yenye sakafu ya udongo, au ya saruji inayopandisha unyevu, mkeka ni chaguo bora kuliko zulia lenye mpira mgongoni. Mkeka unainuliwa asubuhi na kuanikwa, wakati mpira hufungia unyevu chini, na hapo ndipo ukungu huanzia.

Juti, ambayo hulimwa zaidi India na Bangladesh, ni laini kuliko mkonge. Hata hivyo huchakaa haraka zaidi, na hudhoofika sana ikilowa.

Kagua kabla ya kulipa

Kwanza, mwombe muuzaji kipande cha uzi na mkichome nje ya duka. Uzi wa mmea huungua kama karatasi na kubaki majivu. Wa plastiki huyeyuka, kisha hujikunja na kuwa tone gumu.

Pili, chukua kitambaa cheupe, kiloweshe kidogo na usugue kwenye pembe moja. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, siku moja itahamia sakafuni au kwenye nguo zako.

Tatu, geuza mgongo. Kama kuna mpira, uwe umeshika kila mahali na usipukutike ukikunjwa. Kwa mkeka, uinue kwenye mwanga uone kama ukili umeshonwa kwa kubana na kama una upana sawa kote. Mwisho kagua pindo, kwa maana zulia huanza kufumuka pembeni.

Piga hesabu

Pima chumba kwanza. Tuseme sebule yako ina urefu wa mita 4 na upana wa mita 3. Ukiacha sentimita 30 kila upande, unahitaji zulia la mita 3.4 kwa 2.4.

Kisha linganisha bei kwa mita ya mraba. Tuseme zulia la mita 2 kwa 3 linauzwa Sh90,000, na la mita 1.5 kwa 2 linauzwa Sh54,000. La kwanza ni Sh15,000 kwa mita moja ya mraba, la pili ni Sh18,000. Lile linaloonekana rahisi ndilo ghali.

Utunzaji

Zulia la mkonge halifuliwi. Lifagie au likung'ute mara kwa mara kwa sababu mchanga hukata nyuzi. Kitu kikimwagika, kandamiza kitambaa kikavu papo hapo bila kusugua, kisha pakaushe kwa upepo.

Kwa mkulima na mwenye duka

Katika kila kilo 100 za majani ya mkonge, singa ni kama kilo 4 tu. Daraja lake hutokana na urefu, rangi na usafi, kwa hiyo jani lililocheleweshwa kufika kwenye korona, au singa zilizoanikwa kwenye uchafu, hushusha bei ya hicho kidogo kilichopatikana.

Nawe mwenye duka, kabla hujataja bei muulize mteja maswali matatu: litawekwa wapi, sakafu ni ya aina gani, na nani atalikalia. Andika kwenye kibandiko aina ya uzi, vipimo na onyo la kutolifua. Anayetaka zulia la jikoni mwambie wazi kuwa la mkonge halitamfaa, hata kama utakosa mauzo ya siku hiyo. Akihitaji la sebuleni atajua duka la kwenda.