Paa la Wote, Paa la Nani?

Kila masika yanapokaribia, hofu huingia tena katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja. Jamaa wanaokaa pamoja katika nyumba moja huhamisha vitanda, hutega ndoo chini ya dari, na usiku husikiliza udongo ukidondoka. Leo hatusemi habari ya milango ya nakshi ambayo wageni huipiga picha. Tunasema habari ya watu wanaolala nyuma ya milango hiyo.

Chanzo chake kinajulikana. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wenye nyumba wengi waliondoka, majumba mengi yakataifishwa, na wananchi waliokuwa hawana makazi ya maana wakapewa vyumba humo. Hilo lilikuwa jambo la haki. Lakini nyumba iliyojengwa kwa ukoo mmoja ikawa ya jamaa kadhaa, kodi ikawa ndogo mno kuitengeneza, na paa, kwa kuwa ni la wote, likakosa mwenyewe.

Adui mkubwa ni maji. Kuta hizi ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu zake zimelazwa juu ya boriti za mikoko. Bati likitoboka, maji huteremka ndani ya ukuta, ncha za boriti huoza pale zilipochomekwa, na siku moja sakafu huachia. Wengi hukimbilia saruji kwa kuwa hupatikana upesi. Nayo hufungia unyevu ndani, ilhali chokaa huuacha ukuta upumue. Mafundi wazee wa chokaa wanalijua hilo vyema kuliko sisi.

Hatuwezi kusema kwamba Serikali imekaa kimya. Mamlaka ya Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 mji huu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hata hivyo, tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, iliporomoka wakati wa matengenezo na kuua watu. Ikiwa jumba linalotazamwa na dunia nzima lilifikwa na hayo, itakuwaje nyumba ya kichochoroni?

Tunaiomba Mamlaka, pamoja na Baraza la Manispaa, ipite nyumba kwa nyumba kabla ya mwezi wa Machi, ianzie juu ya mapaa. Kibali cha kuziba bati lililotoboka kisingoje vikao. Kodi ya nyumba za Serikali, hata ikiwa ndogo, irudi katika nyumba ile ile iliyotoka. Wapangaji nao waache kuongeza vyoo ghorofani bila ya kuuliza, kwani maji ya choo huoza boriti sawasawa na maji ya mvua.

Lipo jambo moja zaidi, ambalo maofisa wetu hawapendi sana kulisikia. Majumba mengi ya mji huu yamegeuzwa hoteli. Mama anayeambiwa ahame kwa muda ili nyumba itengenezwe ana haki ya kuuliza kama atarudi. Apewe jibu kwa maandishi, lenye muhuri, kabla hajafunga virago vyake.