Udhaifu wa Mwili na Hatari ya Kifo kwa Watu wa Makamo na Wazee: Mazingatio ya Kisera kutoka Lubaga, Kampala

1. Utangulizi

Sera za wazee katika Afrika Mashariki huegemea zaidi umri. Nchini Uganda, ruzuku ya wazee ya shilingi 25,000 kwa mwezi ilianza kwa majaribio katika wilaya chache, ikiwalenga watu wenye umri wa miaka 65 na zaidi, na miaka 60 kwa Karamoja. Mpango huo ulipopanuliwa nchi nzima, umri wa kustahiki katika maeneo mapya, Kampala ikiwamo, uliwekwa kuwa miaka 80. Kigezo hicho ni rahisi kukisimamia, lakini kinachukulia kwamba hatari ya kifo hupanda sawia na miaka. Makala hii inaeleza dhana ya udhaifu wa mwili, uhusiano wake na vifo, na sababu za dhana hiyo kuzingatiwa katika divisheni ya Lubaga.

2. Dhana ya udhaifu wa mwili

Udhaifu wa mwili si uzee wenyewe, wala si jina la ugonjwa mmoja. Ni hali ambayo akiba ya nguvu katika viungo mbalimbali imepungua kiasi kwamba msukosuko mdogo huleta madhara makubwa. Mwaka 2001, Linda Fried na wenzake nchini Marekani walipendekeza dalili tano za kuitambua: kupungua uzito pasipo kukusudia, uchovu wa kudumu, mshiko hafifu wa mkono, mwendo wa polepole, na kupungua kwa shughuli za mwili. Mwenye dalili tatu au zaidi huhesabiwa kuwa dhaifu. Mwenye moja au mbili huwa katika hatua ya awali.

Mkabala wa pili, ulioasisiwa na Arnold Mitnitski na Kenneth Rockwood nchini Kanada, huhesabu upungufu wa kiafya uliolimbikizana. Mtu akichunguzwa mambo 40 na kukutwa na upungufu katika 10, faharasa yake ni 0.25. Mkabala wa kwanza hutazama nguvu na mwendo. Wa pili hutazama jumla ya mzigo alio nao mtu.

3. Uhusiano na vifo

Misuli si nyenzo ya kutembea tu. Ni ghala la protini ambayo mwili huitegemea wakati wa maradhi. Ghala hilo likipungua, homa ya mapafu, kuhara au kuanguka humlaza mtu kitandani. Kulala huko huzidi kuipunguza misuli, naye hushindwa kurejea alipokuwa. Ndiyo maana watu wawili wenye umri mmoja na ugonjwa mmoja huweza kuwa na hatima tofauti.

Hali hii haiwahusu wazee pekee. Uchambuzi wa takwimu za takriban watu 494,000 wenye umri wa miaka 37 hadi 73 nchini Uingereza, uliochapishwa mwaka 2018, ulibaini kuwa asilimia 3 walikuwa dhaifu na asilimia 38 walikuwa katika hatua ya awali. Hali zote mbili ziliambatana na ongezeko la vifo hata kwa watu wa makamo. Kabla ya hapo, mwaka 2015, utafiti wa nchi 17, zikiwamo Zimbabwe na Afrika Kusini, ulionyesha kuwa kila nguvu ya mshiko inapopungua kwa kilo 5, hatari ya kifo huongezeka kwa takriban asilimia 16.

4. Hali ya Lubaga

Lubaga ni mojawapo ya divisheni tano za Kampala. Ina hospitali mbili kongwe za kimisheni: Mengo, iliyoanzishwa mwaka 1897, na Lubaga, iliyoanzishwa mwaka 1899. Zote ziko vilimani, ilhali wakazi wengi wa kipato cha chini huishi mabondeni. Kwa mwenye mwendo hafifu, mlima huo, au nauli ya bodaboda, ni kizuizi cha kwanza cha matibabu.

Jambo la pili ni historia ya VVU. Aliyeanza dawa za kufubaza virusi akiwa na miaka 35 mwaka 2004, dawa hizo zilipoanza kutolewa bure kwa wingi, sasa amevuka miaka 50. Dawa zimemwokoa, lakini maambukizi ya muda mrefu huacha uvimbe hafifu wa ndani unaoharakisha kuchakaa kwa mwili.

Achukuliwe, kwa mfano tu, mwanamke wa miaka 58 auzaye matooke katika soko la Nateete huku akilea wajukuu. Amepungua uzito, huchoka kabla ya adhuhuri, na hawezi tena kuinua mkungu. Kwa vigezo vya Fried tayari ni dhaifu. Kwa kigezo cha ruzuku, angojee miaka 22. Kigezo cha miaka 80 huwafikia walionusurika, na huwaacha wale ambao hatari ilikuwa kubwa kwao mapema.

5. Mapendekezo ya kisera

Upimaji hauhitaji mitambo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu huduma jumuishi kwa wazee hutumia jaribio la kuinuka kitini mara tano bila kushika kwa mikono. Anayezidi sekunde 14 huchunguzwa zaidi. Vituo vya afya vya Kawaala na Kitebi vingeweza kulifanya pale wateja wanapopimwa shinikizo la damu au kuchukua dawa za VVU. Viwango vya nguvu za mshiko, hata hivyo, visiazimwe kutoka Ulaya au Marekani bila kulinganishwa na miili ya wenyeji. Wilaya ya Hai, Tanzania, ambako watafiti walibuni kipimo kifupi kinacholingana na mazingira ya vijijini, inaonyesha kuwa kazi hiyo inawezekana.

Upimaji usiofuatwa na huduma hauna maana. Mazoezi ya kuimarisha misuli, protini ya bei nafuu kama mukene, maharagwe na karanga, na mapitio ya dawa anazotumia mtu huweza kuirudisha nyuma hatua ya awali ya udhaifu. Aidha, kipimo hiki kitumike kuongeza wanaostahiki msaada, kisiwe kisingizio cha kumnyima matibabu aliyekwisha kudhoofika.

6. Hitimisho

Umri hueleza muda ambao mtu ameishi. Udhaifu hueleza akiba aliyobakiwa nayo. Sera inayotumia kipimo cha kwanza pekee huchelewa kwa watu ilionuia kuwalinda. Kwa Lubaga, hatua ya kuanzia ni ndogo: kiti, saa, na mhudumu aliyefunzwa kuuliza kama mtu amepungua uzito.