Ukijani Katika Matangi ya Samaki wa Nyumbani

Wananchi wanaofuga samaki wa mapambo katika matangi ya vioo wanatanabahishwa kwamba ukijani unaoota humo hauishi kwa kukwanguliwa tu. Huo ni mwani, na kinachoustawisha ni fosfeti, ambayo aghalabu huingia pamoja na chakula cha samaki. Fosfeti haigeuki hewa ikapotea. Hubaki tangini hadi itolewe.

Hivyo samaki walishwe kiasi wanachokimaliza kwa dakika mbili au tatu (watoto ndio hodari wa kuzidisha), mabaki yaondolewe, na robo ya maji ibadilishwe kila wiki. Dawa ya kuua mwani si ya kukimbiliwa: mwani ukifa kwa pamoja huoza, oksijeni ikamalizika majini, na samaki wakakutwa alfajiri wameelea. Maji mapya nayo yapimwe kwanza, kwani ya baadhi ya visima yana fosfeti.