Asimamaye Barabarani Wakati wa Ajali

Watu husema kwamba ajali haina kinga. Labda neno hili ni kweli kwa ajali ya kwanza. Lakini ajali ya pili, ile iwapatayo waliokuja kuokoa, kinga yake ipo. Nayo ni mtu asimamaye mbali kidogo barabarani na kuyazuia magari yajayo.

Barabara kuu itokayo Sirari, mpakani mwa Kenya, hupita Makutano Juu, iliko njia ya Musoma, kisha Kiabakari, hata Bunda, ikaendelea Mwanza. Tarehe 5 Septemba 2014 mabasi mawili yaligongana Sabasaba, upande wa Butiama, na watu zaidi ya 30 wakafa. Penye msiba wa namna hii vijijini, mara nyingi watu wa kwanza kufika si polisi wala Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, bali ni wenyeji: wakulima, waalimu, vijana wa bodaboda. Wote hukimbilia majeruhi, na hilo ni jema. Lakini ni nani abakiye kuilinda njia?

Yafaa tukumbuke yaliyotokea Segera, mkoani Tanga, mwezi wa Januari 2025. Watu walikusanyika kuwasaidia waliopatwa na ajali, na lori likawapitia. 11 wakafa na 13 wakajeruhiwa. Tena Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la petroli lilipinduka, watu wakalizunguka wakichota mafuta, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha.

Kazi ya mlinzi wa njia ni ngumu. Huko Pennsylvania, Marekani, wako watu wa kujitolea katika vikosi vya zimamoto ambao kazi yao ni kuongoza magari penye hatari. Huapishwa, huvaa mavazi yang'aayo. Hata hivyo wako madereva wasiowatii, na wengine wao wamegongwa. Je, si zaidi mwanakijiji wetu asiye na vazi wala taa? Usiku dereva amwonapo humdhania mnyang'anyi, akaongeza mwendo. Na watu wa kwao humwona kama mvivu, kwa kuwa hambebi majeruhi hata mmoja.

Basi yatupasa kujua la kufanya kabla ya siku ya msiba. Mmoja apige simu, 112 kwa polisi au 114 kwa zimamoto. Wawili waende, kila mmoja upande wake wa barabara, hatua 200 au zaidi. Na ikiwa pana kona au kilima, wasimame kabla yake. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kwa sekunde moja. Kwa hiyo aliye karibu mno na ajali hamfai mtu. Mlinzi asimame kando, si katikati, uso wake ukielekea magari, akipunga nguo nyeupe mchana na tochi usiku. Matawi ya miti yawekwe barabarani, maana kila dereva aijua alama hiyo. Na mambo yakiisha yaondolewe, yasije yakaleta ajali nyingine. Kwenye lori la mafuta, asimruhusu mtu kukaribia kwa ndoo, wala kuwasha moto au sigara.

Waalimu wawafundishe watoto kukaa mbali na barabara wasikiapo kishindo. Serikali za vijiji vilivyo kandokando ya njia zichague watu mapema, na kuwapatia vazi ling'aalo na tochi. Nasi tuendeshao magari, tukiona mtu anapunga nguo au matawi yamelala njiani, tupunguze mwendo.

Aliyesimama peke yake gizani, mbali na majeruhi, naye anaokoa. Tusimwite mvivu.