Bega la Mvuvi na Kafi Lake

Mkoa wa Simiyu hufahamika zaidi kwa pamba na mifugo kuliko kwa uvuvi. Hata hivyo, Wilaya ya Busega inapakana na Ziwa Victoria kwenye Ghuba ya Speke, na huko wapo wanaojipatia riziki kwa mtumbwi na kafi. Mmoja wao anapofika kwenye zahanati ya kijijini, au hospitalini Bariadi, akilalamikia maumivu ya bega, huulizwa umri, kazi na muda wa maumivu. Swali lisilopaswa kusahaulika ni hili: kafi lake likoje?

Bega lina uwezo wa kujongea kuliko kiungo kingine chochote cha mwili, lakini uthabiti wake ni mdogo. Kichwa cha mfupa wa mkono hukaa kwenye kikombe chenye kina kifupi, kikishikiliwa na kano za misuli minne. Mkono unapoinuliwa juu ya usawa wa bega tena na tena, kano hizo huchoka, huuma na huweza hata kuchanika. Kwa hiyo, kuchagua kafi ni sehemu ya kinga.

Jambo la kwanza ni urefu. Anayepiga kafi akiwa ameketi alisimamishe kichwa chini, kishikio kikigusa benchi. Mahali mpini unapokutana na bapa pafike kati ya kidevu na pua yake. Anayesimama, kama wafanyavyo pia wanamichezo wa kupiga kafi juu ya ubao, anahitaji kafi linalozidi kimo chake kwa sentimita 15 hadi 25. Kafi refu mno huulazimisha mkono wa juu kupanda kupita bega. Kafi fupi mno huupinda mgongo.

Jambo la pili ni uzito. Apigaye kafi mara 30 kwa dakika hupiga mara 1,800 kwa saa. Kafi likizidi kwa gramu 200 tu, ndani ya saa hiyo mabega yatakuwa yameinua kilo 360 za ziada. Mbao iwe kavu, nyepesi na yenye nyuzi zilizonyooka.

Jambo la tatu ni bapa na mpini. Bapa pana hukamata maji mengi, na kila pigo huwa mzigo mkubwa zaidi kwa bega. Kwa safari ndefu, au kwa mtu mwenye mwili mdogo, bapa jembamba hufaa zaidi. Mpini uwe laini, usio na nyufa, na unene wake uruhusu kidole gumba na cha shahada kukaribia kukutana. Mpini mnene huchosha kiganja na kiwiko.

Kwa sababu vimo hutofautiana, si vema kafi la mtu mrefu kuazimwa na kijana mfupi kwa msimu mzima. Kila mpigaji awe na lake.

Kwenu wahudumu wa afya: mwombeni mgonjwa aje na kafi, au aonyeshe kazi yake kwa mpini wa ufagio. Apunguze mjongeo unaomuumiza na afanye mazoezi mepesi, bila kulifunga bega kwa wiki nyingi. Dawa kama ibuprofeni zikitumika muda mrefu huweza kudhuru tumbo na figo, na hazilirekebishi kafi baya.

Mpelekeni haraka kwenye hospitali ya ngazi ya juu asiyeweza kuinua mkono baada ya kuanguka, au ambaye bega lake limevimba na ana homa. Maumivu ya bega yanayoambatana na kubanwa kifua, jasho au kukosa pumzi yachukuliwe kuwa ya moyo hadi ithibitike vinginevyo.

Nawe mvuvi, kabla ya kulipa fedha kwa fundi, keti mtumbwini na ulijaribu kafi hilo kwa dakika kumi. Bega likianza kulalamika mapema hivyo, mrudishie fundi alipunguze.