Mtoto na Moto

Wazazi wengi hudhani ya kuwa mtoto wa miaka miwili akipigwa kofi kila asogeleapo jiko, atajifunza kuuogopa moto. Sisi twaona sivyo. Mtoto wa umri huo hatambui kofi lahusu nini. Alijualo ni kwamba mama amemghadhibikia. Basi humwogopa mama, na mama akitoka kwenda kisimani, jiko li pale pale, naye hulirudia.

Wako wasemao fimbo ni amri ya dini, wakataja Hadithi ya Abu Daud juu ya Sala. Na waisome vyema. Mtoto huamrishwa Sala akiwa na miaka 7, wala hachapwi kwa kuiacha mpaka afike 10. Miaka 3 ya kufundishwa kwanza, tena katika nguzo ya dini! Na kipigo chenyewe wanavyuoni wamekifunga kwa masharti, kisijeruhi wala kisiguse uso. Yawaje basi achapwe wa miaka 3 kwa kugusa sufuria?

Tena tumtazame Mtume (S.A.W.) alivyofundisha habari za hatari. Katika Hadithi za Bukhari na Muslim aliamrisha watoto wazuiwe ndani jua lichwapo, vyombo vifunikwe, na taa zizimwe wakati wa kulala, kwani panya aweza kukokota utambi akawaunguza watu wa nyumba. Walioamrishwa hayo yote ni wakubwa.

Chuoni kwetu alipata kuja mtoto wa miaka 6, mkono kauficha ndani ya kanzu. Tulipoufunua tulikuta ameungua kwa maji ya moto tangu juzi yake, na kidonda kimekwisha tunga usaha. Nyumbani hakusema neno, maana alikuwa ameahidiwa bakora akionekana jikoni. Ibn Khaldun aliandika mwaka 1377 ya kuwa ukali humfundisha mtoto uwongo na hila. Huyu wetu ulimfundisha kunyamaza na maumivu.

Enyi wazazi, mafuta ya taa yasitiwe katika chupa ya soda; mtoto akiyanywa asitapishwe, akimbizwe hospitali. Kisima kifunikwe. Aliyeungua amwagiwe maji baridi kwa dakika 20, asipakwe dawa ya meno. Na mtoto aanzapo kuelewa maneno, ashikwe mkono, asikilizishwe joto kwa mbali, aambiwe huu ni moto. Akisahau kesho, aambiwe tena, na kesho kutwa vile vile.