Mkalimani na Mfasiri: Juu ya Maneno ya Kuelezea Kazi ya Siri katika Kompyuta

Kiswahili kina maneno mawili kwa kazi zinazofanana lakini zisizokuwa moja. Mkalimani ni yule asimamaye baina ya watu wawili na kugeuza maneno papo hapo, sentensi kwa sentensi. Mfasiri ni yule aketiye na maandishi na kuyageuza yote kabla msomaji hajayapokea. Tofauti hii ni ya zamani, lakini sasa imepata kazi mpya katika uwanja wa kompyuta. Na anayeichanganya huwapotosha wasomaji wake katika jambo linalogusa fedha na siri za watu. Jambo lenyewe ni desturi ya watengenezaji wa programu ya kuondoa maktaba ya usimbaji iliyoandikwa kwa lugha ya ukalimani, na kuweka mahali pake moduli iliyokwisha kufasiriwa katika lugha ya mashine.

Mfano mwema wa tofauti hiyo unapatikana Nassa, katika Usukuma, kando ya Ghuba ya Speke. Wamisionari wa Church Missionary Society walikuwa na kituo pale tangu mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1909 kituo kikaingia mikononi mwa Africa Inland Mission. Mgeni asiyejua Kisukuma hana budi kuhubiri kwa kinywa cha mkalimani. Na hotuba iliyokalimaniwa leo, ikirudiwa kesho, yahitaji kukalimaniwa upya tangu neno la kwanza. Agano Jipya la Kisukuma lilitolewa mwaka 1925, na Biblia nzima mwaka 1960. Kazi ya kufasiri ilichukua miaka mingi, lakini ilipokwisha, msomaji hakumhitaji tena mtu wa kati.

Ndivyo ilivyo katika kompyuta. Mashine yenyewe haielewi ila lugha yake ya tarakimu. Lugha kama Python, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1991 na Guido van Rossum, husomwa na programu nyingine iliyo mkalimani. Kwa usahihi zaidi, maandishi hugeuzwa kwanza kuwa ishara fupi za kati, kisha mkalimani huzitekeleza moja baada ya moja. Na amri irudiwapo mara elfu, yeye naye huisoma mara elfu. Lugha kama C na Rust hufasiriwa zote mapema, na kinachopelekwa kwenye mashine ni tafsiri iliyokamilika.

Kabla ya kuendelea, yafaa neno la usimbaji nalo lielezwe. Waswahili walijua kuficha maneno zamani kwa njia iitwayo kinyume, ambayo Askofu Edward Steere aliieleza katika kitabu chake cha kufundishia Kiswahili: silabi ya mwisho huletwa mbele, hata kitabu kikawa bukita, na siri ikawa risi. Udhaifu wa kinyume ni kwamba siri yake yote imo katika kanuni. Aijuaye kanuni amejua kila kitu. Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs aliandika kwamba mfumo mzuri ni ule ambao kanuni yake yaweza kuanguka mikononi mwa adui bila madhara, maadamu ufunguo umebaki siri. Kwa hiyo yafaa kutenga maneno matatu: kanuni, ambayo ni ya wote, ufunguo, ambao ni wa mwenyewe, na kusimba, ambayo ni kutumia ufunguo kwa kufuata kanuni. Kuna na tendo la nne, ambalo lafaa kuitwa kusaga, kwa kuwa neno la siri hugeuzwa kuwa alama isiyoweza kurudishwa, kama mtama uliosagwa usivyorudi kuwa punje.

Sababu ya kwanza ya kumwacha mkalimani ni kasi, lakini kasi hapa ina maana isiyotarajiwa. Kanuni ya kusaga iitwayo bcrypt, waliyoitoa Niels Provos na David Mazières mwaka 1999, imekusudiwa iwe nzito. Ikiwekwa daraja la 10, kazi yake ya msingi hurudiwa mara 1,024. Daraja la 12, mara 4,096. Uzito huo ni adhabu kwa mwizi aliyeiba daftari la alama, naye hujaribu maneno mengi mmoja baada ya jingine. Mwizi hafungwi na lugha ya mlinzi. Yeye atatumia programu iliyofasiriwa, tena katika mashine zilizo bora. Mlinzi anayetegemea mkalimani huona wateja wake wakingoja mno, akalazimika kushusha daraja, na kwa kulishusha amempunguzia mwizi kazi. Moduli iliyofasiriwa ikifanya kazi kwa kasi mara nne, mlinzi aweza kupanda madaraja mawili bila mteja kungoja zaidi. Basi kasi haitafutwi ili kusaga kuwe kwepesi, bali ili mlinzi na mwizi wabebe mizani moja.

Sababu ya pili ni kwamba muda wenyewe husema. Tuchukue alama ya uthibitisho yenye herufi 64. Programu ikizilinganisha herufi moja moja na kuacha mara ionapo kosa, jibu la kukataa hukawia kidogo zaidi kwa kila herufi iliyopatia. Mwenye subira na saa nzuri aweza kuikisia alama yote herufi baada ya herufi. Katika lugha ya ukalimani ni vigumu kuhakikisha muda usiobadilika, maana mwandishi hatawali yote afanyayo mkalimani. Ndiyo maana Python 3.3, iliyotoka mwaka 2012, iliongezewa njia maalumu ya kulinganisha alama bila kukata njiani, na njia hiyo iliandikwa kwa C. Hali kadhalika, katika Python neno likishaundwa halibadilishwi, kwa hiyo ufunguo uliotumika hauwezi kufutwa pale pale ulipoandikwa. Moduli ya mashine yaweza kuufuta.

Hata hivyo mfasiri naye ana makosa yake. C humwachia mwandishi kuhesabu mwenyewe mipaka ya kumbukumbu. Mwaka 2014 ilionekana kwamba maktaba ya OpenSSL, iliyoandikwa kwa C, ilikuwa na kosa lililopewa jina la Heartbleed: aliyeuliza kwa hila alijibiwa kwa vipande vya kumbukumbu visivyokuwa vyake, hata kilobaiti 64 kwa ombi moja, na ndani yake zingeweza kuwamo funguo. Kwa ajili ya hofu ya namna hiyo, maktaba ya Python iitwayo cryptography, ambayo kazi zake nzito zilifanywa na OpenSSL, ilianza kuingiza Rust katika toleo la 3.4 la Februari 2021. Rust, ambayo toleo lake la kwanza thabiti lilitoka mwaka 2015, hukagua mipaka hiyo na kukataa kufasiri maandishi mengi yenye kosa la aina hiyo.

Mabadiliko hayo yalileta malalamiko, na chanzo chake kinaeleweka kwa mfano wa Nassa. Biblia ya Kisukuma haimfai Mjita aliye jirani. Yeye ahitaji tafsiri yake. Vivyo hivyo moduli iliyofasiriwa kwa aina moja ya mashine haisomeki katika nyingine. Waliopata tafsiri iliyo tayari hawakuona taabu. Waliolazimika kufasiri wenyewe walihitaji chombo cha Rust, na kwa mashine chache za kale chombo hicho hakikuwapo. Mkalimani ana fadhila hii, kwamba popote alipo, maandishi yale yale hutumika. Tena kuna gharama mpakani: kila programu ya Python inapoita moduli, maneno hugeuzwa kwenda na kurudi. Afadhali kuipa moduli mzigo mzima kwa mara moja kuliko kuipa konzi moja moja.

Wala isidhaniwe kwamba moduli huponya kila ugonjwa. Mkulima wa pamba wa Nassa anayepokea malipo kwa simu aghalabu hulindwa na namba ya siri ya tarakimu 4, nazo haziwezi kuzidi namba 10,000. Hata zikisagwa kwa uzito, mwizi aliyepata daftari atazimaliza zote. Kinachomlinda mkulima ni ufunguo wa mfumo usiotoka mahali pake, na sheria ya kufunga mlango baada ya majaribio machache. Akiambiwa tu kwamba namba yake imesimbwa, atadhani amelindwa na usimbaji, na pengine ataacha kuificha namba hiyo mbele ya watu.

Kwa hiyo uchaguzi wa maneno si pambo. Neno kufasiri likitumiwa kwa kazi zote mbili, msomaji hawezi kuelewa kwa nini maktaba moja iliondolewa na nyingine kuwekwa. Kukalimani kukibaki kwa kazi ya papo hapo, na kufasiri kwa kazi iliyokamilishwa mapema, habari yote husimulika kwa Kiswahili, hata kwa yule ambaye lugha yake ya nyumbani ni Kisukuma.